Kisa cha Mashujaa Kimeisha Lakini Hakijakata Kiu: Namna ya Kutafuta Hitilafu Iliko

Umefunga toleo la mwisho la kisa cha mashujaa kwenye vitabu vya katuni, na badala ya kushiba umebaki unarudisha kurasa nyuma kama mtu aliyeangusha funguo. Hapo wengi hulaumu ukurasa wa mwisho. Mara nyingi ukurasa huo hauna kosa. Ndipo tu maji yanapoonekana. Bomba lenyewe limepasuka matoleo matatu au manne nyuma, na wakati mwingine limepasukia nje ya hadithi kabisa, kwenye meza ya mhariri au kwenye kalenda ya uchapaji.

Tutapita dalili moja baada ya nyingine, kwa sababu dalili ndiyo kitu pekee msomaji anachokuwa nacho mkononi. Visa vinavyotajwa vinasimuliwa hadi tamati, kwa hiyo ambaye hajakisoma kimoja na anataka kukisoma aruke sehemu yake.

Kwanza kabisa: una uhakika umekisoma chote?

Swali linaonekana la kitoto, lakini linamaliza malalamiko mengi kabla hayajafika popote. Marvel na DC, kampuni mbili kubwa za katuni za Marekani, huchapisha visa vyao kwa matoleo ya kila mwezi, kila toleo likiwa na kurasa 20 au 22 za hadithi hivi, na kisa kikubwa hutawanywa kwenye mifululizo kadhaa kwa wakati mmoja. Namba iliyo kwenye jalada ni namba ya mfululizo, si namba ya kisa. Anayefuata namba peke yake huruka vipande bila kujua.

Chukua kifo cha Superman. Ukitoka Superman namba 74 ukaingia namba 75, unaona hujaruka kitu. Kumbe katikati pana Adventures of Superman 497, Action Comics 684 na Superman: The Man of Steel 19, na zote tatu ni pigano lile lile na jitu Doomsday. Hasara si ya matukio tu. Katika 497 kila ukurasa una fremu nne, yaani visanduku vinne vya mchoro. Katika 684 zinakuwa tatu. Man of Steel 19 inabaki na mbili. Ukifika namba 75, iliyotoka Novemba 1992, ukurasa mzima ni fremu moja, na inakwenda hivyo hadi Superman anapokata roho mikononi mwa mpenzi wake Lois. Wachoraji walikuwa wanahesabu kurudi nyuma: nne, tatu, mbili, moja. Aliyeruka zile tatu anaiona namba 75 kama rundo la mabango yenye maneno machache, anaimaliza kwa dakika tano, kisha anauliza kama ndiyo hii iliyopigiwa kelele kiasi kile.

Dawa yake ni nyepesi. Kuanzia 1991 majalada ya Superman yalichapwa na pembetatu ndogo yenye namba ya mpangilio wa kusoma. Fuata ya pembetatu, achana na namba kubwa.

Final Crisis ya Grant Morrison (2008 hadi 2009) ina ugonjwa huohuo katika hali mbaya zaidi. Ni matoleo 7. Adui mkuu Darkseid anashindwa, na katika namba 7 anachomoza adui mwingine, Mandrakk, ambaye msomaji wa zile saba hajawahi kujengewa. Alijengwa kwingine, kwenye Superman Beyond yenye matoleo 2. Ukishamaliza namba 3, weka kisa kando, soma hayo mawili, kisha rudi. Au tafuta juzuu ambamo yameshapangwa pamoja. Maumivu yatapungua, ingawa hayataisha. Kitabu kinachouzwa kwa namba 1 hadi 7 kilipaswa kumbeba adui wake wa mwisho ndani ya hizo saba, na hapo lawama ni ya waliokipanga, si ya msomaji aliyekosa ziada.

Dalili: adui kaanguka kirahisi mno

Miezi kumi adui hashikiki, kisha katika kurasa tatu kaisha. Usibishane na hisia hiyo, ipime. Andika kwenye karatasi kitu kilichomwangusha: silaha, siri, neno, udhaifu. Sasa rudi nyuma ukitafuta mahali msomaji alipokiona kitu hicho kwa mara ya kwanza. Kama ni katika toleo lilelile kilimotumika, hitilafu umeipata. Kama ni toleo moja kabla, mwandishi aligundua tatizo akiwa amechelewa na akapiga kiraka. Kama ni mbali zaidi, bado uliza jambo moja: kilipoonekana mara ya kwanza, kilikuwa na kazi gani? Kitu kilicholetwa kikae tu kikisubiri kilele hunuka. Kitu kilichokuwa na kazi yake nyingine kabisa ndicho kinachoshangaza bila kudanganya.

All-Star Superman, matoleo 12 ya Morrison na mchoraji Frank Quitely kati ya 2005 na 2008, inafaa kusomwa kwa jicho hilo. Lois anapewa zawadi ya siku ya kuzaliwa: dawa ya kumpa nguvu za Superman kwa saa 24. Toleo la 3 linaonyesha siku yake hiyo yote, pamoja na nguvu zinavyomtoka muda ukifika. Ni hadithi ya mapenzi, hakuna anayewaza vita. Karibu na mwisho Lex Luthor, hasimu wa Superman, naye anapata nguvu za aina hiyo, na msomaji tayari anajua kikomo chake bila kuelezwa tena. Superman anamlenga kwa bunduki ya mvutano, na kwa kuwa mvutano mkubwa hupinda mwenendo wa muda, saa 24 za Luthor zinaungua mbele ya macho yake. Kabla hazijaisha, kwa mara ya kwanza anauona ulimwengu kama Superman anavyouona, kila kitu kimeshikana na kila kitu, na analia kwamba nguvu zinamtoka wakati ndiyo kwanza ameelewa. Kisha anapigwa ngumi. Kikomo kilichokuwa pambo la zawadi kimegeuka kitanzi.

Secret Wars ya 2015, ya Jonathan Hickman na Esad Ribić, inafanya jambo hilo kwa kitu kidogo mno: hambaga. Doom, hasimu wa siku nyingi wa mwanasayansi shujaa Reed Richards, ameokota mabaki ya ulimwengu na kujifanya mungu kwa nguvu zinazotoka kwa Molecule Man, ambaye amefungiwa peke yake na ana njaa. Kijana Miles Morales ana hambaga kuukuu mfukoni, anampa. Msomaji anacheka na kupita. Katika namba 9 Molecule Man anaikumbuka ile hambaga, na deni hilo ndilo linalompa Miles watu wake katika ulimwengu mpya. Pambano lenyewe la mwisho nalo haliamuliwi na ngumi. Doom na Reed Richards wanawekwa sawa, bila nguvu ya kuazima, na Doom anaulizwa kama Reed angeifanya kazi ile vizuri zaidi. Anakiri. Ukihisi kwamba ameanguka kirahisi hapo, huenda ulikuwa unasubiri mlipuko, ilhali uhasama wa wawili hawa siku zote ulikuwa juu ya nani mwenye akili zaidi.

Kwa anayechora kisa chake mwenyewe: ukigundua suluhisho lako limetoka hewani, usirudi kupandikiza maelezo, pandikiza matumizi. Fremu mbili za mtu akikitumia kitu hicho kwa jambo dogo zinatosha, na ziweke theluthi ya kwanza ya kisa.

Dalili: aliyefichuliwa siye nyayo zilikoelekea

Hii hujulikana kwa hasira ya aina yake: msomaji hajahuzunika, anajisikia ametapeliwa. Ili kuithibitisha, orodhesha dokezo zote zilizomhusu mhalifu wa siri na uone zinamwelekea nani. Zikimwelekea mtu mmoja, naye akafichuliwa mwingine, jibu limebadilishwa njiani.

Mwaka 1991 DC ilitoa Armageddon 2001. Mtu wa mwaka 2030 anayeitwa Waverider anarudi nyuma kutafuta ni shujaa gani wa siku zile atakayegeuka kuwa dikteta Monarch. Kila toleo la mwaka la mashujaa mbalimbali linaonyesha mustakabali wa mmoja wao, huyu anaondolewa kwenye orodha ya washukiwa, yule anabaki. Jibu lililopangwa lilikuwa Captain Atom. Habari ikavuja, wasomaji wakajua mapema, na dakika za mwisho kampuni ikambandika shujaa mwingine, Hawk: Monarch anamuua Dove, mwenzi wa Hawk vitani, Hawk kwa ghadhabu anamuua Monarch, na akivua kofia ya chuma anakuta sura yake mwenyewe. Fremu yenyewe inatisha. Ila haina mizizi, kwa sababu miezi yote ile nyayo zilikuwa zikienda upande mwingine. Kosa hapa ni kuogopa msomaji aliyebuni sawasawa. Aliyebuni sawasawa ndiye msomaji uliyemtaka. Amesoma kwa makini.

Kisa cha ndugu-nakala wa Spider-Man, kilichoanza 1994, kiliugua kwa njia tofauti. Kiliuza, kikavutwa, kikavutwa tena, mafundo yakawa mengi kuliko vidole. Mwishoni mwa 1996, kwenye Peter Parker: Spider-Man namba 75, wakamtoa kaburini adui wa zamani Norman Osborn, aliyekufa 1973, awe ndiye aliyepanga yote. Ukiona fundo la mwisho linafunguliwa na maiti wa miaka 23, jua waandishi hawakuwa na mwisho walipoanza.

Hapo mtu huharakisha kusema kwamba dawa ni kutobadilisha chochote dakika za mwisho. Si kweli, na ushahidi ni Phoenix. Katika X-Men namba 135 (1980) Jean Grey, shujaa wa kundi la X-Men aliyeshikwa na nguvu iitwayo Phoenix na sasa akiwa Dark Phoenix, anaila nyota, na sayari yenye mabilioni ya watu inaungua nayo. Chris Claremont na John Byrne walishaandaa namba 137 ambamo Jean ananyang'anywa nguvu zake na kurudi nyumbani akiwa mtu wa kawaida. Mhariri mkuu Jim Shooter akakataa: huwezi kuua sayari nzima ukaenda zako. Kurasa za mwisho zikafanywa upya, na Jean anajimaliza Mwezini kwa silaha ya kale mbele ya mpenzi wake Cyclops, akiwa na akili zake timamu, kabla Phoenix hajamshika tena. Toleo la awali lilichapwa 1984 kama Phoenix: The Untold Story, kwa hiyo kulinganisha kunawezekana kabisa, na ni zoezi zuri kuliko nadharia yoyote: soma 135, 136, kisha mwisho mmoja, pumzika, kisha mwingine. Ule wa kwanza unaacha deni la namba 135 halijalipwa. Wa pili unalilipa.

Miisho yote miwili, Armageddon na Phoenix, ilibadilishwa kwa kuchelewa. Mmoja uliibadilisha hadithi iende kinyume na kurasa zilizokwisha kuchapwa, mwingine uliibadilisha izitii. Usiulize uamuzi ulifanyika lini. Uliza kama unajibu kilichokwisha kuonyeshwa.

Dalili: unakubali kilichotokea, lakini hujui nani kashinda

Kisa kimeuliza swali moja na kujibu jingine. Kipimo: fungua toleo la kwanza, andika swali lake kwa sentensi moja. Fungua la mwisho, andika jibu lake kwa sentensi moja. Zisome pamoja kwa sauti.

Civil War ya Mark Millar na Steve McNiven (matoleo 7, 2006 hadi 2007) haipiti. Mlipuko mjini Stamford unaua mamia, na serikali inatoa sheria: kila mwenye nguvu za ajabu ajiandikishe na afanye kazi chini yake. Iron Man anakubali, Captain America anakataa. Swali ni zito na pande zote mbili zina hoja. Katika namba 7 Captain America amemlaza Iron Man, ngao iko juu tayari kushuka, na watu wa huduma za dharura wanamrukia na kumshika. Anaangalia jiji lilivyovunjika. Anavua kinyago, anakamatwa kama Steve Rogers, jina lake halisi.

Sasa weka sentensi pamoja. «Je, mwenye nguvu awe chini ya serikali?» «Pigano letu linawaumiza raia.» La pili si jibu la la kwanza, ni jambo ambalo wote wawili wangelikubali tangu toleo la 1, kwani kisa kilianza kwa raia kuumia. Ndiyo maana kujisalimisha kule, pamoja na uzuri wa mchoro wake, kunaacha ladha ya mchezo uliosimamishwa kwa sababu ya mvua.

Afueni ipo kwenye kitabu kingine: Captain America namba 25 ya Ed Brubaker na Steve Epting (2007), ambamo Steve anapigwa risasi kwenye ngazi za mahakama akipelekwa kusomewa mashtaka. Isome siku hiyohiyo ukimaliza namba 7. Haitajibu swali la sheria, ila itaonyesha gharama, na gharama ndiyo iliyopungua kule.

Dalili: kila kitu kimerudi kilivyokuwa

Hii ndiyo inayochochea ugomvi mrefu kuliko zote, na chanzo chake huwa nje ya hadithi. Mashujaa hawa ni mali ya kampuni, wanapaswa kuwepo mwezi ujao na muongo ujao, kwa hiyo kuna mkono unaowarudisha kwenye umbo linalouzika. Kulalamikia mkono huo ni kama kulalamikia mvutano wa dunia. Kinachopimika ni kama mwandishi alimfanya mtu fulani ndani ya hadithi alipe nauli ya kurudi.

One More Day (2007) ina sehemu nne, nazo zisomwe hivi: Amazing Spider-Man 544, Friendly Neighborhood Spider-Man 24, Sensational Spider-Man 41, Amazing Spider-Man 545. Shangazi May amepigwa risasi iliyomlenga Peter, baada ya Peter kujianika hadharani kwenye Civil War kwamba yeye ndiye Spider-Man. Mephisto, shetani hasa, anajitolea kumwokoa, na bei ni ndoa ya Peter na Mary Jane iliyofungwa 1987. Wanakubali. Asubuhi Peter anaamka kijana asiye na mke, na hakumbuki aliwahi kuwa naye.

Wengi husema tatizo ni kuvunjwa kwa ndoa. Tukiipima kwa makini, tatizo liko kwenye neno «hakumbuki». Spider-Man tangu 1962 amejengwa juu ya mtu anayebeba uzito wa kosa lake kila siku. Hapa kosa linafanyika, na fahamu ya kulibeba inafutwa kwenye mkataba uleule. Deni limeandikwa, mdaiwa kasahaulishwa, mdai kaondoka. Aidha, uamuzi wenyewe hautoki kwa Peter: mhariri mkuu Joe Quesada, aliyeitaka hali ya ukapera irudi, ndiye pia aliyekichora kisa, na mwandishi J. Michael Straczynski hakuficha kwamba hakuafiki namna kilivyofungwa. Miaka mitatu baadaye yalihitajika matoleo manne zaidi, Amazing Spider-Man 638 hadi 641, kueleza nini hasa kilibadilika. Mwisho unaohitaji matoleo manne ya ufafanuzi haukuwa umekamilika ulipochapwa.

La kufanya? Anayetaka kujua ndoa ile ingekwenda wapi asome Renew Your Vows ya 2015, matoleo 5. Si kiraka cha One More Day, ni ulimwengu mwingine, lakini inampa Peter mke, mtoto, na uchaguzi anaoukumbuka.

Dalili: kafa, karudi, sasa nilie kwa nini?

Acha kuuliza kama atarudi. Atarudi. Superman alikufa Novemba 1992 na akawa mzima kabla ya 1993 kwisha. Barry Allen, yaani shujaa Flash, aliyekufa kwenye Crisis on Infinite Earths, alikaa nje hadi 2008, na huo ni muda mrefu sana kwa kazi hii. Uliza nini kimebaki baada ya yeye kurudi.

Kisa cha kurudi kwa Superman kinapita mtihani huo vizuri kuliko sifa yake. Coast City inateketezwa na mamilioni ya wakazi wake, na haifufuki pamoja naye. Hal Jordan, yaani shujaa Green Lantern, anaukuta mji wake umekuwa shimo, na katika Green Lantern 48 hadi 50 (1994) huzuni inamgeuza adui. Steel na Superboy, walioletwa kama warithi wa muda, wanabaki na maisha yao wenyewe. Kifo kilichofutwa kimeacha kovu kwenye ramani.

Phoenix ni kinyume. Mwaka 1986 Jean Grey anapatikana kwenye kifukofuko chini ya maji ya Jamaica Bay, na tunaambiwa aliyefanya yote yale na kufa Mwezini hakuwa yeye bali nguvu iliyoiga umbo lake. Kwa sentensi hiyo moja, deni lililolipwa katika namba 137 linageuka kuwa halikuwa lake. Dawa ya msomaji hapa ni kali kidogo: simamia namba 138, kwenye mazishi, na uihesabu kuwa tamati. Hakuna sheria inayokulazimisha kuendelea.

Kisha kuna kifo cha Jason Todd, aliyekuwa Robin, msaidizi wa Batman, kifo kinachostahili mabano yake. Mwaka 1988, baada ya Batman namba 427 kuisha kwa mlipuko, DC iliwaachia wasomaji wapige simu: afe au aishi. Kura 5,343 zilitaka afe, 5,271 aishi. Tofauti ni 72. Watu hucheka kura hiyo, lakini hitilafu yake ni ya kiufundi. Kwa kuwa miisho miwili ilibidi iandaliwe na yote iungane na kurasa zilezile, hakuna ukurasa wa nyuma ulioruhusiwa kuegemea upande wowote. Kifo kinakuja bila kusukumwa na chochote. Ukisoma leo ukahisi ni ghafla mno, hujakosea kusoma.

Dalili: mwisho umekuja umepoa

Angalia tarehe. Secret Wars iliyotajwa juu ilipangwa matoleo 8, ikawa 9, ikachelewa hadi Januari 2016. Wakati huo Marvel ilikuwa imeanza mifululizo yake mipya tangu Oktoba 2015, ikionyesha nani kapona. Doomsday Clock ya DC, matoleo 12, ilianza Novemba 2017 ikaisha Desemba 2019. Walioisoma ikitoka walisahau nusu ya dokezo. Hitilafu hii hupotea yenyewe ukisoma juzuu kwa siku mbili tatu mfululizo, kwa hiyo usiamini hukumu ya mtu mpaka ujue aliisoma kwa mtindo gani.

Dalili: umeachwa hewani

Mwisho wazi na mwisho usiokamilika hufanana kwa mbali. Tofauti: katika mwisho wazi unaweza kulitamka swali lililobaki kwa pumzi moja, na kila unachohitaji kulijibu kwa namna zote mbili kimeshawekwa mezani. Usiokamilika hauna swali, una ukungu.

Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons (matoleo 12, 1986 na 1987) inafaa kufunguliwa kama mashine. Katika namba 11 mashujaa wanamfikia mwenzao wa zamani Veidt kumzuia asiue mamilioni kwa shambulio la uongo la kuzitisha nchi ziache vita, naye anawaambia alishafanya dakika 35 zilizopita. Kilele kimekwisha na toleo zima bado liko mbele. Namba 12 inafunguka kwa kurasa sita za mchoro mmoja mmoja, maiti mitaani New York, katika kitabu ambacho kwa miezi kumi na moja kilikuwa kikikata kurasa nyingi vipande tisa. Baada ya hapo ni watu kuamua: nani anyamaze, nani akatae, nani afe kwa kukataa. Toleo moja kati ya kumi na mbili limetengewa matokeo. Visa vingi vinavyolalamikiwa kuwa vimekatika ghafla vina kurasa nne au tano za matokeo, na mbili kati yake ni tangazo la kisa kijacho, zihesabu utaona.

Halafu ile fremu ya mwisho. Ofisi ya gazeti dogo, Seymour mwenye fulana yenye uso wa tabasamu, tone la kechapu limedondokea usoni hapo kama damu ilivyodondokea kwenye beji ya fremu ya kwanza kabisa. Mkono wake unanyooka kwenye rundo la barua. Shajara ya Rorschach, yule shujaa aliyekataa kunyamaza, yenye siri yote, imo kwenye rundo hilo, tuliona ikitumwa. Akiiokota, amani ya Veidt inaporomoka. Asipoiokota, uongo uliogharimu mamilioni unasimama. Swali limebana, data zote zipo, mkono umesimama hewani. Anayesema hapo hakuna mwisho arudi namba 10 aangalie shajara ikitiwa kwenye sanduku la posta.

Hakuna hitilafu, na bado unakereka

Inatokea. Umepima vyote, nyayo zinalingana, deni limelipwa, matokeo yamepewa nafasi, na hupendi. Invincible ilikwenda matoleo 144, kuanzia 2003 hadi 2018, na kisa chake cha mwisho kilipewa matoleo 12 mazima. Wapo wasomaji ambao hawakumsamehe mwandishi wake, Robert Kirkman, kwa aliowaua humo. Hayo ni mabishano na mwandishi juu ya dunia aliyoichagua, na yana utamu wake. Usiyapeleke kwenye sehemu za juu ukitafuta bomba lililopasuka. Kama huna hakika uko upande gani, acha wiki mbili zipite, kisha usome matoleo mawili ya mwisho tu, bila kuanzia mwanzo: hitilafu ya kweli itaonekana palepale ilipokuwa, na kinyongo kitakuwa kimehamia fremu nyingine.